Tiara ya Mita 17 Si ya Kupigia Picha

Kuna staa mmoja katua Paje na wapambe wake kipindi hiki cha maleleji, kaskazi imekwisha na kusi haijashika, upepo noti 10 kwa kubembeleza. Kakodi tiara ya mita za mraba 17, eti kubwa ndo rahisi. Nani kamdanganya?

Tiara kubwa inavuta, sawa, ila inageuka polepole kama meli. Ukivuta mkono wa kushikia hadi kifuani ukidhani unaongeza nguvu, inazubaa na kurudi nyuma. Wanaojua huulegeza, wakaiacha itembee. Tena kwa wembamba ule, ubao mpana bapa na tiara ya 12 pengine vingemtosha.

Sasa ikidondoka kwenye upepo huo, kuinuka ni kazi. Na inadondokea wapi? Maji yakianza kupwa, akina mama wameinama kwenye mashamba ya mwani, na kamba za tiara zina mita 20 na ushee. Zikanasa kwenye vigingi, jasho la wiki kadhaa likang'oka, staa akapandisha video ya vicheko.

Mashabiki wamemwaga mioyo kibao. Mwani wa mama wa watu kaulipa nani?