Kobalti ya Congo inapimwa, lakini nani anaisoma?

Kwenye depo za Musompo, karibu na Kolwezi, bei ya gunia la mawe inaamuliwa na kimashine cha mkono ambacho watu huko wanakiita Metorex. Mnunuzi anakielekeza kwenye udongo, namba inatokea, na mchimbaji anapokea feza kufuatana na namba ile. Wachimbaji wamelalamika mara nyingi kwamba namba inashushwa. Malalamiko hayo yanastahili jibu. Lakini nyuma yake kuna jambo ambalo halizungumzwi sana: inchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inajua kuihesabu, na kuisoma inawaachia wengine.

Kimashine cha depo kinapiga jiwe kwa mionzi ya X, ile ile ya picha za mifupa hospitalini, kisha kinaonyesha kobalti ni kiasi gani na shaba ni kiasi gani. Kinaishia hapo. Iko njia nyingine ambayo wataalamu wanaiita XPS. Ilikuzwa na Kai Siegbahn na wenzake kule Uppsala, Uswidi, na ilimpatia tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1981. Nayo inatumia mionzi ya X, ila inapima nguvu ya elektroni zinazong'olewa kwenye metali. Nguvu hiyo haisemi jina la metali tu. Inasema pia metali imeungana na nini na imepoteza elektroni ngapi. Kobalti tupu inaonekana karibu na elektroni-volti 778. Ikishikana na oksijeni inasogea karibu na 780. Pengo ni dogo, lakini ndani yake kuna feza.

Heterojeniti, lile jiwe jeusi linalojulikana sana Kolwezi, kobalti yake nyingi imepoteza elektroni 3. Kobalti ya hali hiyo haiyeyuki vizuri katika asidi ya salfuriki. Ndiyo sababu viwanda vinaongeza dawa, kwa mufano gesi ya dioksidi ya salfa, ili kuirudisha kwenye hali ya elektroni 2 zilizopotea. Dawa hiyo inalipiwa. Kwa hiyo magunia mawili yenye namba moja kwenye kimashine yanaweza kuwa na gharama tofauti kabisa kiwandani, na anayejua tofauti hiyo ndiye anayekaa vizuri mezani wakati wa kupatana bei.

Asitokee mtu wa kuwadanganya wachimbaji kwamba XPS itaingia Musompo. Mashine hiyo inaona ngozi ya jiwe tu, kina cha nanometa 10 hivi, na inafanya kazi ndani ya chombo kilichotolewa hewa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kama wakaaji wa Lubumbashi wanavyouzoea, siku imepotea. Wachimbaji wanahitaji kitu rahisi zaidi, tena haraka: kipimo cha pili, kisicho mkononi mwa mnunuzi.

Mahali pa XPS ni chuo kikuu, Lubumbashi au Kolwezi. Na waanze na watu, maana mashine bila fundi inageuka kabati. Vijana wanaosoma kemia na metali wajifunze kusoma mistari ile, ya heterojeniti leo na ya betri kesho, kwa sababu watengenezaji wa betri wanatumia njia hiyo hiyo kuona kwa nini betri inachoka.

Feza za kuanzia haziko mbali. Sheria ya migodi ya 2018 iliweka redevansi ya asilimia 10 kwa madini ya kimkakati, na kobalti ni mojawapo. Katika redevansi hiyo, asilimia 25 ni ya jimbo. Mwaka 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti, kisha ikaweka kiwango cha tani kwa kila kampuni. Kumbe nguvu ya kuamua iko.

Wabunge wa Lualaba na Haut-Katanga wanaweza kuuliza swali moja wakati wa kujadili bajeti: katika ile asilimia 25, maabara imepangiwa ngapi?