Tuzime sigara mjini, tusimzime mvutaji

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22 kuna agizo dogo ambalo mahubiri mengi hulipita. Mungu anawaambia Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya, azungushe ukuta mdogo kwenye dari yake. Nyumba za wakati ule zilikuwa na dari tambarare, na watu walipanda juu kupunga upepo. Bila ukuta, mgeni au mtoto angeanguka, na damu yake ingekuwa juu ya mwenye nyumba.

Litazame agizo hilo vizuri. Nyumba ni yako, umeijenga kwa jasho lako, na pengine dari yako unaijua hata gizani. Lakini Mungu hakuulizi kama wewe utaanguka. Anakuuliza kuhusu yule atakayepita hapo. Kwa lugha ya leo tungesema hiyo ni kanuni ya ujenzi, kama zile zinazotungwa na serikali za kaunti. Mungu hakuona haya kuiweka katika kitabu kile kile kinachotuamuru tumpende yeye kwa moyo wote.

Kwa jicho hilo, leo tutafakari kuhusu sigara katikati ya miji yetu.

Kenya si mgeni katika jambo hili. Mwaka wa 2004 taifa letu liliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kudhibiti tumbaku. Mabaraza ya miji kama Nakuru na Nairobi yalijitungia marufuku ya kuvuta sigara hadharani hata kabla ya sheria ya taifa kuanza kutumika. Kisha ikaja Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka wa 2007, ambayo ilianza kutekelezwa mwaka wa 2008. Sheria hiyo inakataza kuvuta sigara mahali pa umma isipokuwa palipotengwa, na anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi Sh50,000, kufungwa hadi miezi sita jela, au vyote viwili. Inakataza pia kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, na kuuza sigara moja moja. Majirani zetu wa Uganda, katika sheria yao ya mwaka wa 2015, walikataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma, na wakapiga marufuku hata sigara za kielektroniki.

Sheria basi tunayo. Lakini pita stejini jioni watu wakipanga foleni ya matatu, uone. Moshi unapita katikati ya foleni, juu ya kichwa cha mtoto aliyebebwa mgongoni. Hatua chache kutoka hapo, sigara inauzwa moja moja pamoja na peremende, na mteja anaweza kuwa amevaa sare ya shule. Vijana wengine wameshika vifaa vya kielektroniki na kupuliza mvuke wenye harufu ya embe, wakidhani kwamba kinachonukia hakiwezi kudhuru. Nikotini iliyomo katika vingi vya vifaa hivyo humfanya mtu mtumwa kama ile ya sigara, nayo huathiri ubongo, ambao huendelea kukua hadi mtu afikishe miaka 25 hivi.

Kuna atakayeniambia, "Mwili ni wangu, pesa ni zangu, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole." Wahenga hao hao walisema pia kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. WHO inakadiria kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni saba duniani kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuwa wavutaji. Walipumua tu moshi wa wenzao. Mwiba huo hawakujidunga.

Ni kweli, moshi wa nje hutawanyika upesi kuliko ule wa ndani ya nyumba. Lakini aliye katika foleni ya matatu hana pa kusogea, wala mama mboga hawezi kuhamisha meza yake kila mara mtu anapowasha sigara kando yake. Mwenye pumu hahitaji moshi mwingi ili akose pumzi. Isitoshe, mtoto hujifunza kwa macho. Anachokiona kila siku kikifanywa na watu wazima mbele ya kila mtu hukichukua kuwa ndiyo desturi ya ukubwa.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho, katika sura ya 8 ya waraka wa kwanza, kuhusu nyama iliyotolewa kwa sanamu. Alijua kwamba nyama ni nyama tu. Hata hivyo alisema yuko tayari kutoila kabisa, ikiwa kula kwake kutamkwaza ndugu yake. Kama mtume alikuwa radhi kuacha chakula kisicho na sumu kwa ajili ya dhamiri ya mwenzake, sisi tunashindwaje kuacha moshi wenye sumu kwa ajili ya mapafu ya jirani?

Kwa hiyo Mkristo hana sababu ya kuinung'unikia kaunti inayotaka katikati ya mji pasiwe na sigara wala mvuke wake. Huo ndio ukuta wa darini. Nabii Zekaria, katika sura ya 8, aliuona mji uliobarikiwa: wazee wameketi njiani na mikongojo yao, na watoto wanacheza barabarani. Tunapouliza kama mji wetu umebarikiwa, tuanze hapo. Je, mzee na mtoto wanaweza kukaa katikati yake na kupumua?

Lakini siwezi kuishia hapa, kwa sababu ukuta huo huo unaweza kugeuzwa mtego. Malalamiko kuhusu askari wa kaunti si mageni kwako. Mahali palipotengwa kwa wavutaji hapajulikani, kibao hakionekani, na anayekamatwa ni msukuma mkokoteni, ambaye Sh50,000 kwake ni jasho la miezi mingi. Akiwa na kitu mfukoni, kesi inaishia kichochoroni. Wakati huo huo, mwenye gari kubwa anapuliza moshi dirishani na hakuna anayemgusa. Sheria ya namna hiyo haisafishi hewa. Inahamisha tu pesa kutoka mfuko wa maskini hadi mfuko wa askari.

Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji wakitaka kujua wafanye nini, kama tunavyosoma katika Luka sura ya 3, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasimnyang'anye mtu kitu kwa nguvu wala kwa kumsingizia, na watosheke na mshahara wao. Sisi waumini tunaodai miji isiyo na moshi tuna wajibu wa kudai pia vibao vinavyosomeka, sehemu za wavutaji zinazojulikana, onyo kabla ya pingu, na sheria moja kwa tajiri na maskini.

Kuna jambo la pili, nalo linatugusa zaidi sisi wa kanisani. Mvutaji akifukuzwa stejini, aende wapi? Kaunti itamwonyesha kizimba. Kanisa litamwonyesha nini? Mara nyingi tumemwonyesha mgongo. Akiingia ibadani ananuka tumbaku, watu husogea kwenye benchi. Jina lake huwa mfano katika mahubiri. Yeye naye hujifunza kuvuta nyuma ya ukumbi wakati wa matanga na harusi, kisha hutafuna peremende na kurudi ndani akiwa na aibu. Tumempa mahali pa kujificha, na mahali pa kupona hatujampa.

Tazama kilichofanyika Migori, ambako familia nyingi zimeishi kwa kulima tumbaku. Mwaka wa 2022 serikali, pamoja na WHO na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, ilianzisha huko mradi wa kuwawezesha wakulima kuacha zao hilo. Wakulima hawakuambiwa tu wang'oe tumbaku. Walipewa mbegu za maharagwe yenye madini mengi ya chuma, wakapewa mafunzo na soko. Ikiwa mkulima anahitaji mbegu nyingine mkononi ndipo aachilie ile ya kwanza, sembuse mtu ambaye mwili wake wenyewe unadai nikotini?

Kuacha kunawezekana. Dakika 20 tu baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo huanza kushuka. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo huwa imepungua hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Siku za mwanzo ndizo ngumu zaidi, lakini hamu inapopanda, mara nyingi hupita baada ya dakika chache. Kwa dakika hizo chache, mtu anahitaji wa kumpigia simu. Anahitaji pia wa kumsindikiza hospitalini akapate ushauri na tiba, kwa kuwa maombi na dawa havigombani.

Basi, ndugu na dada, wiki hii fanya mambo matatu. Kwanza, zungumza na wazee wa kanisa lenu ili uwanja wenu wote, hata nyuma ya ukumbi, usiwe na sigara, na kibao kiwekwe kwa maneno ya upole. Pili, kaunti inapoita wananchi kutoa maoni kuhusu kanuni zake, nenda ukatetee hewa safi na haki kwa pamoja. Tatu, mkumbuke mtu mmoja unayemjua anayevuta. Mwambie kwamba siku atakayotaka kuacha, wewe utakuwa naye katika siku hizo za mwanzo, na akianguka hutamcheka.

Isaya sura ya 42 inamwelezea Mtumishi wa Bwana kuwa mpole kiasi kwamba taa iliyobaki na moshi tu, yeye haizimi. Wahenga walimnyima pole aliyejidunga mwiba. Kristo aliinama akamtoa mwiba huo, nasi sote ni mashahidi, maana iko miiba mingi tuliyojidunga ambayo haitoi moshi wala harufu. Mji na uzime sigara. Sisi tuilinde ile taa.