Nani Aufungue Mlango?

Usiku wa tarehe 19 Agosti 1980, yapata saa tatu u nusu, ndege ya Saudia iliyokuwa njiani kwenda Jeddah, ikiwa na watu 301, ilirejea Riyadh ikatua salama juu ya magurudumu yake, wala hakutoka ndani yake hata mtu mmoja akiwa hai. Habari hii sijapata kuizoea, kwani waliofariki hawakuanguka kutoka mawinguni, bali walifia ardhini, nyuma ya milango ambayo ilikuwa haijafunguliwa.

Haikutimu dakika saba tangu kuruka, onyo likaashiria moshi katika chumba cha shehena cha nyuma. Zikapita dakika nne na ushei marubani wakitafuta kuyakinisha kama onyo lile ni la kweli, ndipo wakageuza. Ilipotua, badala ya kufungwa breki papo hapo, ndege ikaendelea kutambaa kwa dakika mbili na sekunde 40, na hata iliposimama injini zikanguruma dakika tatu zaidi, ilhali wahudumu walikwisha kuuliza, tena na tena, kama abiria watolewe, wasipewe idhini. Waokozi walipofaulu kuufungua mlango mmoja, dakika 23 baada ya injini kuzimwa, maiti walikuwa wamesongamana upande wa mbele, walikokimbilia kuuhepa moshi.

Moto wa ndege aghalabu hautangulizi ndimi zake. Mito ya viti na plastiki za kutani zikiungua hutoa hewa ya sumu, nayo humpokonya mtu fahamu kabla joto halijamfikia. Ile barakoa ya oksijeni imwangukiayo abiria, ambayo wengi huitumainia, haifai kitu katika moshi, maana huchanganya oksijeni na hewa ile ile ya chumbani. Rubani anayo barakoa yake imkingayo. Abiria hana ila mlango.

Kwa hiyo nashikilia kwamba ndege ikiisha kusimama, moshi ukawa unaonekana na amri haijaja, mhudumu asimamaye mlangoni sharti awe na mamlaka ya kuufungua, na afunzwe hata asisite kuyatumia. Wako wasemao kuwa dhamana ya ndege ni ya nahodha peke yake, na kwamba mlango ukifunguliwa upande wenye moto, au injini ikiwa bado yazunguka, watu watatolewa hatarini na kutiwa hatarini. Hoja hiyo ni nzito, lakini yadai mhudumu afundishwe kuchungulia dirishani kwanza, haidai afungwe mikono. Na abiria naye ana faradhi yake: auache mkoba alipouweka, kwa kuwa mkoba mmoja njiani huwazuia watu kumi walio nyuma yake.

Tarehe 2 Januari 2024, katika kiwanja cha Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines iliyokuwa ikitua iligongana na ndege ya walinzi wa pwani, ambamo watu watano walifariki. Ile kubwa ikashika moto, na moshi ukaijaza ikiwa na watu 379. Simu ya ndani iliharibika, wahudumu wakawa wanaongoza kwa sauti zao na vipaza sauti vya mkononi. Kati ya milango minane ni mitatu tu iliyofaa kutumika, na watu wote 379 wakatoka kwa mitatu hiyo, mizigo yao wakiiacha iungue. Mmojawapo ulikuwa mlango wa nyuma wa kushoto, ambako mhudumu, asipopata jibu lolote kutoka kwa rubani, alipima hali ya nje mwenyewe, akaufungua.