Ukurasa wa Nyumbani: Maji ya Kuogelea

Ndugu askari uliyeko Mbarara, likizo ikiwadia watoto hudai kuogelea. Ziwa Nakivale lisikuhadae kwa utulivu wake, wala Mburo: humo wamo viboko na mamba. Heri nauli ya Kabale, hadi Ziwa Bunyonyi, ambako wanyama hao hawapo. Gati la Rutinda hujaa wageni. Kodi mtumbwi mvuke hadi kisiwa cha Bushara, kwenye ukimya. Miwani ya kuogelea haitakuonyesha matumbawe kama ya Mombasa, ila pengine kamba wa maji baridi, watamu mno wakikaangwa. Lakini akina mama, sikilizeni: kina cha ziwa hilo huongezeka ghafula, hatua chache tu kutoka ukingoni. Mtoto avae jaketi la kuokolea tangu mtumbwini, na mtu mzima mmoja asiondoe macho majini.