Mtoto wa Mbwa Afundishwe Haja kwa Ratiba, Siyo kwa Fimbo



Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi hulichukulia la kitoto: mtoto wa mbwa anayejisaidia ndani ya nyumba, dukani au kwenye uwanja wa kuanikia. Huku kwetu, kuanzia Kishapu na Kahama hadi Katoro na Nyarugusu, kaya yenye ng'ombe au duka ni nadra kukosa mbwa. Mtoto wa mbwa akichafua, wengi wana dawa moja tu: kipigo. Wapo pia wanaomgandamiza pua kwenye kinyesi chake eti ili akome.

Maoni yangu ni kwamba njia hiyo haimfundishi haja, na hasara yake kubwa huja baadaye, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Mbwa huunganisha adhabu na kile kinachotokea wakati huohuo. Ukimpiga asubuhi kwa kinyesi cha usiku, hajui kosa lake ni lipi. Anachojifunza ni kwamba mkono wa mtu unaumiza. Kesho atajisaidia nyuma ya magunia ya mpunga au chini ya kitanda, mahali usipoona, nawe utadhani ni mkaidi. Akikua, ukimwita anakimbia. Siku ya chanjo mwenye mbwa anakuja mikono mitupu na kusema, "Mtaalamu, wangu hashikiki." Mbwa huyo anabaki bila chanjo, na ndiye anayezurura usiku.

Hapo si suala la usafi tena. Kichaa cha mbwa, dalili zikishaanza kwa binadamu, hakina tiba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Katika kila watu 100 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, takriban 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Ili kuukata ugonjwa tunatakiwa kuchanja angalau mbwa 70 kati ya kila 100. Hesabu hiyo haifikiki kama mbwa wetu wanaogopa mikono yetu.

Sasa njia yenyewe. Haina gharama ila inataka utaratibu.

1. Chagua mahali pa haja siku ileile anapofika. Pawe mbali na kisima, bustani ya mchicha, na mahali mnapoanika michembe, udaga au mpunga. Usibadilishe mahali hapo.

2. Mpeleke kwa wakati. Mtoto wa mbwa hutaka haja akiamka, baada ya kucheza, na ndani ya dakika 5 hadi 30 baada ya kula. Kwa makadirio, wa miezi 2 huweza kujizuia kama saa 2 na wa miezi 3 kama saa 3. Usimtegemee zaidi ya hapo mchana. Mtoe kabla hujalala na mara moja usiku.

3. Mlishe kwa saa. Mpe milo 3 au 4 kwa siku, kisha ondoa sahani. Anayekula ovyo hujisaidia ovyo.

4. Akimaliza mahali pake, msifu palepale na umpe kipande cha dagaa. Ukisubiri mpaka mrudi ndani umechelewa, atadhani anazawadiwa kwa kuingia ndani.

5. Ukimkuta katikati ya kosa, piga kofi moja la mikono kumshtua kidogo, mbebe mpeleke nje. Ukikuta ameshamaliza, safisha na unyamaze.

6. Ondoa harufu, kwa sababu hurudi anaponusa mkojo wake. Sakafu ya saruji ioshe kwa sabuni na maji, kisha pitisha siki kama unayo. Sakafu ya udongo kwangua tabaka la juu, mwaga majivu, kisha kandika upya.

Wengi huanza kuelewa ndani ya wiki chache, ingawa makosa ya hapa na pale yanaweza kuendelea mpaka miezi 6. Jambo kubwa ni kila mtu nyumbani afuate utaratibu uleule. Baba akipeleka nje na kijana akichapa, mnabomoa wenyewe mnachojenga.

Kama unadhani mnyama hafundishiki bila fimbo, angalia Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya husikia mlio mdogo akifanya vizuri, kisha hupewa ndizi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapahapa Tanzania, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza. Kama panya amefundishika kwa ndizi, mbwa aliyeishi na binadamu kwa maelfu ya miaka atafundishika kwa dagaa.

Najua majibu yatakuja. La kwanza: "Mbwa wangu analala nje, haja yake inanihusu nini?" Inakuhusu, kwa sababu uwanja wa nje ndipo watoto wanapocheza peku na ndipo chakula kinapoanikwa. Kinyesi cha mbwa hubeba mayai ya minyoo yanayoweza kumwingia binadamu, na aina nyingine za tegu huingia hata kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mayai ya minyoo mviringo ya mbwa huhitaji wiki kadhaa kwenye udongo kabla ya kuambukiza. Kwa hiyo ukiokota kinyesi kila siku na kukizika kwenye shimo, umekata njia mapema. Usikiweke bustanini kama mbolea. Mpe mbwa dawa ya minyoo kwa ushauri wa afisa mifugo, na usimtupie matumbo au mapafu mabichi ya mnyama aliyechinjwa. Nawe mfanyabiashara, mteja akiona kinyesi pembeni ya turubai la mpunga, hutamshawishi kwa bei.

La pili: "Nikimbembeleza atakuwa laini, hatalinda." Siyo kweli. Mbwa anayeiamini kaya yake bado humbwekea mgeni. Anayeiogopa kaya yake ndiye anayeweza kumng'ata mtoto wako. Na kumbuka kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, mbwa akiwemo.

Kwa ndugu zetu wa machimboni nasema wazi. Kama umepanga chumba kimoja na unashinda duarani kuanzia alfajiri hadi jioni, usichukue mtoto wa mbwa kwanza. Atafungiwa, atachafua, utampiga, mwisho utamwacha azurure. Ukihitaji mlinzi wa chumba au wa mzigo, kubaliana kwanza na jirani wa kumtoa mchana, au chukua mbwa mkubwa aliyekwisha kuzoea na aliyechanjwa. Wala usichukue mtoto wa mbwa kabla hajafikisha wiki 8, bado anamhitaji mama yake.

Kila mnapotoka kwenda mahali pa haja, mzoeshe kamba shingoni. Mkirudi mshike masikio, mdomo na miguu kwa upole. Ni dakika chache tu, lakini ndizo zitakazofanya ashikike mbele ya sindano. Chanjo ya kwanza ya kichaa hutolewa akifikisha miezi 3, kisha irudiwe kama mtaalamu atakavyokuelekeza. Kampeni ikipita kijijini kabla hajafikisha umri huo, mlete hivyohivyo, tutakupangia lini arudiwe. Mtu yeyote aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi kituo cha afya siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28. Usiisubiri. Ukipata mtoto wa mbwa leo, chagua mahali pake pa haja leo, weka fimbo pembeni, na upite kwa afisa mifugo wa kata yako uulize tarehe ya chanjo.