Wanaowauzia Vijana Wetu Elimu ya Mgeuko wa Sarafu Wanawauzia Nini?

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu hakuonekana katika chumba cha mtihani. Si mvivu, wala si katika wale tunaowasahau majina kabla hawajahitimu. Siku mbili baadaye alinifuata ofisini, akaamkia, akakaa kimya kwa muda, kisha akasema: "Dokta, ada imekwenda na mgeuko." Nilidhani sikumsikia vizuri. Nikamwomba aeleze.

Alieleza kwa lugha ambayo mimi, mwenye shahada ya uzamivu, ilinibidi nimwombe airudie. Mama yake anauza kanga Darajani. Alipopata zamu yake ya upatu alimkabidhi mwanawe fedha za ada na masurufu. Kijana akazitia katika akaunti ya broka wa mtandaoni, kwa sababu alikwisha kulipia mafunzo ya wiki 3 katika chumba cha kupanga huko Ng'ambo, na mwalimu wake alimhakikishia kuwa mwenye kujua kusoma kiasi cha miamala na nguvu ya sarafu haangushwi na soko. Katika usiku mmoja wa Alhamisi, zikaisha.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza, na kila nilipouliza nilimkuta mwengine. Kaa barazani Jaws Corner baada ya Isha utawaona. Wazee wanacheza dhumna na kunywa kahawa, na vijana wamezamisha nyuso katika simu, wakitazama mishumaa ya kijani na nyekundu ikipanda na kushuka. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na wale wanaoifanya hali hiyo kuwa elimu, wakaiuza kwa bei ya elimu.

Kwa insafu, mafunzo yenyewe si upuuzi mtupu. Yanasema hivi: bei ikipanda kwa muda mrefu, kisha kiasi cha miamala kikaongezeka ilhali mishumaa inazidi kuwa mifupi, basi kuna juhudi nyingi na matokeo haba. Maana yake, wakubwa wanauza kimyakimya na wadogo wananunua kwa pupa. Hapo unafungua kipima nguvu ya sarafu. Ukiiona pauni, iliyokuwa juu ya orodha, imeanza kulegea, na yeni, iliyokuwa chini, imeanza kuinuka, unauza pauni kwa yeni na kungojea mgeuko. Mzizi wa fikra hii ni wa heshima. Mmarekani Richard Wyckoff aliyaandika mambo ya namna hii mwanzoni mwa karne ya 20 kuhusu hisa za New York, na alikuwa na hoja.

Lakini Wyckoff alikuwa na kitu ambacho kijana wa Ng'ambo hana. Hisa za New York ziliuzwa katika soko lenye daftari lake. Hisa 1,000 zikiuzwa, zinaandikwa 1,000, na kila mtu anaiona idadi ile ile. Soko la fedha za kigeni la papo kwa papo halina jengo wala daftari moja. Ni mabenki na makampuni yanayopigiana bei kutoka London, New York, Singapore na Tokyo. Benki ya Malipo ya Kimataifa, ambayo hulihesabu soko hili mara moja kila miaka 3, ilipata mwezi Aprili 2022 kuwa miamala ya siku moja ilifikia dola trilioni 7.5. Hesabu hiyo hukusanywa kwa kuyauliza mabenki, na hutoka miezi kadhaa baadaye. Basi ile milingoti ya "kiasi" inayochorwa chini ya mishumaa katika simu ya kijana wetu, kila dakika, inatoka wapi?

Inatoka kwa broka wake. Wala si kiasi cha fedha. Ni idadi ya mara ambazo bei imebadilika katika kompyuta ya broka huyo katika muda huo. Ni sawa na mtu aliyesimama penye mnada wa samaki, akahesabu mara ngapi dalali amepaza sauti, kisha akarudi nyumbani kutangaza kuwa anajua ni ratili ngapi za samaki zimeshushwa pwani Malindi. Kelele na mzigo mara nyingi hufuatana, sikatai. Siku ya samaki wengi dalali hupiga kelele zaidi. Lakini mwenye kuweka ada ya chuo juu ya kelele alistahiki kuambiwa kuwa ni kelele. Mikataba ya sarafu yenye hesabu halisi ipo Chicago tangu mwaka 1972, na mwalimu mwaminifu angemwelekeza mwanafunzi huko. Mwanafunzi wangu hakuwahi kusikia Chicago ikitajwa.

Na hicho kipima nguvu ya sarafu? Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu kosa ni la hesabu za skuli. Programu inachukua sarafu 8 kubwa, inazioanisha kupata jozi 28, inatafuta wastani wa mabadiliko ya kila sarafu mbele ya nyengine 7, na kukupa orodha ya wenye nguvu na wanyonge. Kijana anaona pauni imelegea mbele ya dola, mbele ya euro na mbele ya yeni, anasema: nimepata mashahidi 3. Hajapata. Katika jozi 28 bei zinazojitegemea ni 7 tu, zilizobaki ni kugawanya. Euro ikiwa dola 1.10 na pauni ikiwa dola 1.25, basi euro ni pauni 0.88, itake isitake. Shahidi ni mmoja, amebadilisha kanzu na kofia akarudi mahakamani mara ya pili. Tena ushahidi wake wote ni wa jambo lililokwisha kupita, kwa kuwa kipima hicho hakina chakula chengine ila bei za zamani, zile zile ambazo kijana alikwisha kuziona katika mishumaa.

Mgeuko mkubwa kuliko wote wa zama zetu haukuandikwa katika mishumaa. Tangu Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi iliizuia euro isishuke chini ya faranga 1.20. Walimu wa mgeuko duniani kote waliipenda jozi ile. Kila bei ilipokaribia 1.20 ilinunuliwa, ikainuka, faida ikaliwa. Asubuhi ya tarehe 15 Januari 2015 benki hiyo ikaondoa mkono wake bila ya taarifa. Katika dakika chache euro ilianguka chini ya faranga moja. Amri za kukata hasara, ambazo wanafunzi hufundishwa kuwa ni ngao yao, zilitekelezwa mbali kabisa na pale zilipowekwa, kwa sababu katikati hapakuwa na mnunuzi. Broka FXCM wa Marekani alijikuta akiwadai wateja wake takriban dola milioni 225, na Alpari ya Uingereza ikafilisika. Uamuzi ulikuwa katika chumba cha mkutano Zürich, na hakuna kipima cha simu kinachoingia humo.

Sasa tuihesabu ile ada. Tuseme ni dola 200, na broka, kwa ukarimu wake, anaruhusu mtaji ukuzwe mara 500. Kijana anashika dola 100,000. Bei ikimwendea kinyume kwa asilimia 0.2 tu, jambo linalotokea kabla kahawa haijapoa, dola 200 zimekwisha. Tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza ikiwa ni asilimia 0.01, amekwisha kulipa dola 10 kwa kufungua mlango tu, yaani asilimia 5 ya mtaji wake. Afungue mlango mara 20, hata akiwa sahihi nusu ya nyakati kwa faida na hasara zilizo sawa, amekwisha kuteketea. Na katika mikataba mingi ya namna hii anayekaa upande wa pili wa biashara ni broka mwenyewe. Mteja akipoteza, yeye anapata. Ndiyo maana walimu wengi hulipwa na mabroka kwa kila mwanafunzi wanayemsajili, na mwanafunzi haambiwi.

Wazungu, ambao hatuwashutumu kwa kuchukia biashara, waliliona. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilieleza kuwa kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa rejareja katika mikataba ya namna hii hupoteza fedha. Ikapiga marufuku kukuza mtaji zaidi ya mara 30 kwa jozi kubwa, na ikawalazimisha mabroka kuandika asilimia ya wanaopoteza katika matangazo yao. Broka anayezuiwa Ulaya kutoa mara 500 hufungua kampuni kisiwani kwengine na kutuletea sisi.

Sisi Waislamu tumeletewa pambo la ziada: "akaunti ya Kiislamu", isiyotozwa riba ya kulaza biashara usiku. Waliotaka kujua hukumu hawakukosa pa kuisoma. Sarafu kwa sarafu ni mlango wa sarf, na mafakihi wamesharti makabidhiano katika kikao kimoja. Mwaka 2006 Baraza la Fikihi la Rabita, huko Makka, lilizingatia biashara hii ya kukuziwa mtaji na broka na likasema haijuzu, likitaja riba, na pia sharti la mteja kufanya biashara kupitia kwa mkopeshaji wake. Kuondoa ada ya usiku hakukugusa sharti hilo. Si kazi yangu kutoa fatwa. Nasema tu kwamba neno "Kiislamu" katika tangazo limeandikwa na idara ya mauzo.

Ajabu iliyonichoma ni hii. Katika miaka hii hii mgeuko wa kweli ulikuwa ukipita mbele ya milango yetu. Mwaka 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 2,700, na maduka ya kubadilishia fedha yakawa hayana ya kukuuzia. Kabla ya mwaka kwisha ikaanguka chini ya 2,500. Kufikia miezi ya mwanzo ya 2025 ikarudi kupanda karibu na pale pale, kisha ikashuka tena. Huo ni mgeuko mara 3, na kiasi kilikuwa kikionekana kwa macho: watalii wanaojaa Nungwi na Paje kuanzia Juni, korosho za kusini zinazouzwa mwisho wa mwaka, wachimbaji wa dhahabu waliotakiwa tangu Oktoba 2024 kutenga sehemu ya dhahabu yao iuzwe kwa Benki Kuu, kanuni za Machi 2025 zilizokataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Mwenye duka la vinyago Mtaa wa Gizenga aliujua mgeuko ule kabla ya programu yoyote, kwa kuwa aliziona dola zikiongezeka katika mtoto wa meza. Lakini muulize kijana aliyehitimu mafunzo ya nguvu ya sarafu: shilingi ina nguvu gani? Atakwambia haimo katika orodha.

Nawakumbusha kuwa mji huu haukuanza jana kujua sarafu. Katika maduka ya Wahindi wa Mji Mkongwe, karne ya 19, reale ya Austria, reale ya Kihispania na rupia ya India zilikaa meza moja, na mbadilishaji alizijua kwa uzito na mlio. Baadaye tukawa na rupia yetu kuanzia 1908, mpaka shilingi ya Afrika Mashariki ilipochukua nafasi yake mwaka 1936. Babu zetu walipata na kupoteza kwa tofauti ya bei, lakini nyuma ya kila reale palikuwa na pembe, karafuu au nguo.

Na wenye mamlaka? Fedha za kigeni ni jambo la Muungano, imo katika nyongeza ya kwanza ya Katiba. Kwa hiyo Vuga anasema mwenye dhamana ni Benki Kuu, na kijana aliyepoteza ada yake Mwanakwerekwe hajui aende wapi. Tunapogombania mgao wa Muungano tuna sauti kubwa. Katika hili la kumlinda mwana wa muuza kanga tumenyamaza pande zote mbili. Kenya ilitunga kanuni za biashara hii mwaka 2017, ikaanza kutoa leseni. Kanuni si dawa, lakini mwenye leseni ana ofisi, na mwenye ofisi hushitakika. Angalau tungeweza kumtaka kila anayefundisha kwa malipo aoneshe taarifa za akaunti yake za miaka 2, na aseme broka gani anamlipa. Hilo halihitaji kikao cha kero za Muungano.

Nimeambiwa: Dokta, wapo waliofaulu. Wapo. Wengine wameketi katika mabenki wakiwa na mtaji, taarifa na mshahara. Wachache wako nje ya mabenki, nao waliobahatika hawatofautiki kwa urahisi na wenye elimu mpaka miaka mingi ipite. Mwalimu wa mwanafunzi wangu nimemwandikia kwa adabu, nikamwomba anioneshe miezi 12 tu. Alinijibu kwa picha ya gari.

Kijana atarudia muhula. Mama yake ameingia katika upatu mwengine, na zamu yake ni ya mwisho. Tangazo la mafunzo mapya limebandikwa tena kwenye nguzo karibu na geti la chuo; darasa linaanza Jumamosi.