UCHAMBUZI: Udanganyifu katika utafiti vyuoni na funzo la miti ya Bamburi

MSAFIRI anayetoka Kisauni kuelekea Mtwapa hupita Bamburi na kuona msitu uliostawi kando ya barabara ya Malindi. Pahali hapo palikuwa jangwa la matumbawe yaliyochimbwa kutengenezea saruji. Mnamo 1971, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kuyafufua machimbo hayo. Kati ya aina 26 za miti zilizojaribiwa, ni tatu tu zilizosalimika, mvinje ukiwa mmojawapo.

Thamani ya jaribio hilo imo pia katika aina 23 zilizokufa. Kwa kuwa hazikufichwa, waliofuata walijua wasipoteze jasho lao wapi. Mtafiti anayepika matokeo hufanya kinyume: huizika miti iliyokufa na kudai shamba zima limeota.

Tuhuma za aina hii zimeviandama vyuo vikuu vya Kenya kwa miaka mingi. Itakumbukwa kuwa Juni 2019, Chuo Kikuu cha JKUAT kiliwatunuku watu 118 shahada ya uzamifu katika mahafali mamoja. Maswali yakazuka kuhusu usimamizi wao, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) ikaanzisha uchunguzi.

Wingi wa wahitimu peke yake si hatia. Hata hivyo, kanuni za CUE hazikumruhusu msimamizi kuwa na zaidi ya watahiniwa watatu wa uzamifu kwa mwaka, na sababu yake ni bayana. Msimamizi aliyelemewa hawezi kusoma kila sura, kukagua hojaji, wala kuuliza iwapo waliodaiwa kuhojiwa walikuwepo kweli.

Chanzo kingine ni shinikizo. Mnamo 2014, CUE iliwapa wahadhiri miaka mitano wawe wamepata uzamifu. Aidha, kupanda cheo hutegemea makala yaliyochapishwa. Palipo na haraka ya namna hiyo hapakosi wachuuzi: majarida yanayotoza ada na kuchapisha chochote bila kupitiwa na wataalamu, pamoja na waandishi wa kukodiwa.

Filamu ya The Shadow Scholars ya 2024 ilimulika vijana Wakenya wanaowaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za masomo kwa malipo. Uingereza ilipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya 2022. Ni vigumu kuamini kwamba soko linalohudumia ughaibuni haliwezi kupata wateja nyumbani.

Anayeumia si chuo pekee. Mvuvi wa Bamburi akiwekewa masharti ya uvuvi yaliyojengwa juu ya takwimu za kubuni, atalipia uongo huo kwa riziki yake. Mgonjwa naye aweza kuulipia kwa uhai.

Programu za kompyuta hunasa maneno yaliyonakiliwa, lakini haziwezi kuhakikisha kwamba takwimu zilikusanywa nyanjani. Vyuo vinapaswa kudai data ghafi ihifadhiwe, kuwaleta watahini wa nje wasio na maslahi, na kuwalinda wanafunzi wanaofichua maovu ya wakubwa wao. Muhimu zaidi, vipandishe vyeo kwa ubora wa kazi badala ya wingi wa makala, na vimheshimu mtafiti anayekiri kuwa jaribio lake halikufaulu. Asiyeruhusiwa kuripoti mti uliokufa atajifunza kuuchora ukiwa hai.